Sekunde Arobaini

Tulifika Qalauta na jenereta, projekta,
na shuka jeupe la hoteli moja ya Oruro
ambalo, niungame, hatukulilipia.
Mwalimu Hilarión akalipigilia misumari
kwenye ukuta wa darasa, upande usiopigwa na upepo,
kama upo upande usiopigwa na upepo
mita elfu nne juu ya bahari ambayo hawajaiona.
Watu wakaketi juu ya marobota ya sufu.
Giza lilipokomaa, nikawasha.

Humo ndani Delfina anatembea.
Saa mbili kwenda shule; nimezibana ziwe dakika tatu.
Midomo imepasuka, vidole vinachungulia viatuni,
mbwa mmoja nyuma, na jalidi inavunjika
kwa sauti niliyoikuza kidogo.
Kisha jicho lake, na chozi.
(La upepo. Lakini nani angeuliza?)

Kwa chozi hilo, kule La Paz,
watu walitia mikono mifukoni.
Mabati arobaini na mawili, jiko la chuma,
madirisha yenye vioo.
Sitalitukana chozi hilo.

Ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi.
Mamake, Primitiva, alisema lama wake
wamekonda mle kuliko walivyo,
na watu wakacheka mpaka mbwa wakabweka.
Delfina akanyoosha mkono, kama yuko darasani:

"Na ile hesabu yangu iko wapi?"

Niliijua. Siku ya nne, ubaoni:
mia nne thelathini na saba, gawanya kwa kumi na tisa.
Chaki imebaki kama jino la mtoto.
Kugawanya hajafundishwa: mwalimu ni mmoja,
madarasa sita, chumba kimoja, zamu yake haijafika.
Basi akajumlisha, kumi na tisa na kumi na tisa,
mstari chini ya mstari, akishuka na ubao
hadi akapiga magoti,
akaandika ishirini na tatu karibu na sakafu.
Akageuka akanitazama. Mimi, si mwalimu.
Kana kwamba sasa ni zamu yangu.

Sekunde arobaini.
Nilizikata Jumanne moja usiku, kahawa mkononi.
Nikasema: hazitoi machozi.
Nikasema: zinapunguza kasi.
Mkasi hausemi uongo. Huacha tu.

Nikamwambia nilisahau.
Mtoto aliyeifikia ishirini na tatu kwa magoti
si wa kudanganywa hivyo.
Aliushusha mkono polepole.

Nikazirudisha.
Filamu ikaonyeshwa upya, Sucre, Potosí, Cochabamba,
na michango ikashuka hadi nusu, kisha robo.
Mfadhili mmoja aliniandikia
kwamba binti huyu haonekani mhitaji.
Barua hiyo ninayo bado, sijui kwa nini.

Ninayo na nyingine, ya mwandiko wa mkono,
ya Bi Eulogia Condarco, mstaafu,
miaka thelathini na sita ya hesabu na goti moja bovu:
"Huyo hajui kugawanya. Amejivumbulia mwenyewe,
kwa njia ndefu, wala hakukosea hata mstari.
Nimezitazama hizo sekunde mara tisa.
Basi la kwenda huko huondoka siku gani?"

Alhamisi. Tena huishia njia panda;
kutoka hapo ni miguu.

Sikwenda kumpiga picha akiwasili.
Nilitaka. Betri nilikwisha kuzichaji.
Ninacho tu alichonisimulia Hilarión kwa simu,
sauti ikizama na kuibuka:
kwamba alifika na boksi la chaki kwapani,
akihema, akamkuta Delfina anafagia,
na kabla hata ya salamu akamwuliza,
"Kumi na tisa mara kumi ni ngapi?"
Delfina akauegemeza ufagio ukutani,

na laini ikakatika.